Nikugeuze?

Kila saa mbili nimgeuze: ubavu wa kulia,
chali, ubavu wa kushoto, chali.
Imeandikwa kwenye karatasi iliyotundikwa miguuni,
miguu isiyojua kuwa imetundikiwa kitu.

Shaame Faki, miaka kumi na tisa, wa Mtambwe.
Tawi la mkarafuu lilimpa vikonyo vitatu mkononi
kisha likamwacha.
Wakamleta kwa gari la ng'ombe hadi barabarani,
na mpaka siku ya nne, hapa spitali ya Wete,
mto wake ulinuka msimu.

Mamaake alinivuta hadi penye ndoo za maji.
"Mwanangu Mize," akaniita, maana ananijua,
ndiye aliyemfundisha mama yangu kusuka ukili,
na Pemba hii nani si mtu wa mtu?
"Mwambie ni ganzi. Ganzi huondoka.
Mengine tumwachie Mungu."
Akanitia mkononi noti iliyokunjwa mara nne, ya moto kwa jasho.
Noti niliirudisha. Ombi halikurudishika.

Walitusomesha haki za mgonjwa katika chumba chenye feni mbovu:
ana haki ya kujua, ya kukubali, ya kukataa,
ya kusitiriwa, ya siri yake kuzikwa kwako.
Tuliandika, tukafaulu.
Hakuna swali la mtihani lililokuja saa nane usiku
likauliza kwa sauti ndogo:
"Dada, nitakwea tena?"

Hakusema kutembea. Kukwea.

Sikuwa mimi wa kumwambia.
Picha ya mgongo ina msomaji wake,
kazi yangu ina mpaka.
Lakini uongo nao una mpaka, na mimi nilishauvuka:
mwaka juzi, bibi mmoja wa Kojani
aliniuliza kama uvimbe umetoka wote,
wanawe wamesimama nyuma yangu kama ukuta.
Nikasema wote.
Akenda kwao akapanda mihogo.
Hakuaga mtu, hakudai deni, hakulipa.
Mihogo ile nani kaila, hadi leo sijui.

Nikavuta kiti.
"Swali lako kubwa kuliko cheo changu," nikamwambia,
"lakini ni lako, halitapotea njiani.
Asubuhi Dakta Thuwaiba atakujibu.
Unataka nani awepo?"
Akafikiri hadi nikadhani kalala.
"Ami asiwepo. Mama awepo. Nawe."

Asubuhi tukafunga kanga mbili pembeni ya kitanda,
maana pazia la wadi liko kwa fundi tangu mfungo.
Dakta alikaa, hakusimama.
Alisema taratibu, kwa Kiswahili chetu,
hakutafuta neno refu la kujifichia.
Mama akalia. Shaame akatazama dari,
kisha akanigeukia kwa shingo, ndiyo iliyobaki ya kugeuka:

"Ulijua?"
"Nilijua."
"Tangu lini?"
"Tangu Jumanne."

Sikujitetea.

Siku mbili hakupokea chakula mkononi mwa mtu.
Mamaake ananipita ukumbini kama sijawahi kuzaliwa mtaa wake.
Na sokoni wananiuliza, kwa wema tu:
"Yule kijana wa Mtambwe, vipi miguu?"
Nashika bamia. Nauliza bei.

Leo saa kumi za usiku nimesimama na shuka.
Mgongoni pana doa jekundu; karatasi inasema geuza.
Siku za mwanzo nilimgeuza kama gunia,
bila neno, haraka, nikijiona hodari.

"Shaame, nikugeuze?"
"Bado."

Namweleza lile doa: lilipo, ukubwa wake,
litakavyochimba likiachwa.
Anasikiliza. Ni mgongo wake.

"Bado kidogo."

Nakaa. Shuka iko mapajani mwangu.
Kidogo chake sijui kina dakika ngapi.